Bahatisha Mji: Siku 13 za Picha, Kutoka Hamburg Hadi Budapest

Nimerudi Tanga wiki 3 sasa, na kila anayeingia studio kupiga picha ya paspoti anataka kwanza kuonyeshwa Ulaya. Nimekaa na simu yangu na daftari nililokuwa nikiandikia matumizi, nikaipanga safari siku kwa siku.

Mwaliko ulitoka kwa dada yangu, muuguzi huko Hamburg. Kabla sijapanda basi la Dar, grupu la ukoo likaniwekea sharti: kila jioni nitume picha 1 bila neno hata moja, wao wabahatishe ni mji gani. Atakayetaja mji ana pointi 1, atakayetaja nchi peke yake ana nusu. Zawadi ni picha yoyote ya safari, nitaichapa kubwa na kuitia fremu kwa mkono wangu. Wakali walijulikana mapema: mpwa wangu wa kidato cha 4, binamu wa Muscat, na Mjomba wa Lindi ambaye huandika meseji zake zote kwa herufi kubwa. Shangazi, mwenye miaka 74, alisema Ulaya haijui lakini mchezo haumpiti.

Kwa anayejiandaa: viza ya Schengen ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mimi nilikuwa na nchi 4 kwenye ratiba, lakini Ujerumani ndiyo iliyobeba siku nyingi, basi nikaomba huko, na viza hiyo moja ikanifikisha kote.

Jumamosi 10 na Jumapili 11 Mei: Hamburg

Safari ya ndege ilikuwa ndefu na sina la kuisimulia. Dada alinipokea na koti, nikalivaa palepale uwanjani.

Jumapili akanipeleka Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyoanza kujengwa mwaka 1883 katikati ya mifereji. Yamesimama juu ya magogo yaliyochimbiwa kwenye tope, na nilipoelezwa hivyo nikawaza boriti za nyumba zetu za pwani. Kahawa, chai, mazulia na viungo vilihifadhiwa humo. Kuna makumbusho ndogo ya viungo ghorofani, na ukipanda ngazi zake unapokewa na harufu ya pilau kabla hujaona kitu.

Nikatuma picha ya mfereji na daraja. Majibu yalikuja kama mvua. Venice! Amsterdam! Venice tena! Hakuna aliyesema Hamburg, ingawa mji huu una madaraja takriban 2,500, mengi kuliko Venice. Hapo nikawaambia grupu kitu ambacho kazi yangu imenifundisha. Mteja akileta picha ya zamani aulize ilipigwa wapi, siangalii uso wa aliyepigwa. Naangalia pembeni: sakafu, swichi ya taa, pindo la pazia. Miji nayo ni vivyo hivyo. Maji yapo kila mahali, lakini ukuta wa Venice una lipu iliyochujuka na kubanduka, na nyumba za Amsterdam ni nyembamba, zenye ndoano ya kuvutia mizigo. Ukiona matofali mekundu yanayotumbukia moja kwa moja majini, ghorofa 6 au 7, fikiria Hamburg.

Jumatatu 12 Mei: Ohlsdorf

Hii nilijiwekea mwenyewe tangu nyumbani. Makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya mji hupita ndani yake na kuna vituo. Tulipotea mara 2. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua kaburi la mkewe akaacha ndoo yake, akatutangulia kwa mguu karibu robo saa mpaka mahali penyewe, kisha akarudi bila kungoja asante.

Amelala hapo Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuondoka mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi na mfanyabiashara wa Kijerumani. Akabatizwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akabaki ugenini na watoto wadogo 3. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1924. Husimuliwa kwamba alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote. Tulisimama pale na dada, naye ana miaka 11 Ujerumani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Picha niliyotuma ilionyesha kona ya jiwe na majani tu. Dakika 4 hazikupita, binamu wa Muscat akaandika: "Hamburg. Hapo yupo bibi yetu Salme." Pointi ya kwanza ya mchezo.

Jumatano 14 Mei: Kuelekea Berlin, kupitia Schwerin

Jumanne nilipumzika. Jumatano nikaanza safari peke yangu kwa Deutschlandticket, tiketi iliyokuwa euro 58 kwa mwezi mwaka 2025, inayokupa treni zote za mikoani, mabasi na treni za mjini Ujerumani nzima. Ina mambo 2 ya kuangalia. Haikubaliwi kwenye treni za mwendo kasi, hivyo safari ya saa 2 inakuwa ya saa 5. Na ni ya kujiandikisha: usipoifuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi, mwezi unaofuata unakatwa tena. Dada aliifuta mapema.

Treni ilichelewa na ile ya kuunganisha ikaondoka bila mimi. Nilikuwa nimekwama Schwerin na begi, tumbo tupu. Mama mmoja aliyekwama pia, na mtoto mgongoni, akanikatia nusu ya mkate wake wenye jibini na kunionyesha kwa kidole upande wa ziwa. Nikatembea kama dakika 20. Jamani, nilikutana na kasri! Limekaa juu ya kisiwa, minara imechongoka, kuba limepakwa dhahabu, na maji yamelirudia lote juu chini. Leo ndani yake linakaa bunge la jimbo, na mwaka 2024 liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Nisingechelewa, nisingeliona.

Mpwa alisema Neuschwanstein, wengine wakasema Ufaransa. Neuschwanstein ni kasri jingine la Ujerumani, lakini liko mlimani, si kisiwani, nikawaambia. Nusu pointi kwa mpwa kwa kuipata nchi.

Vyoo vya stesheni kubwa Ujerumani mara nyingi ni euro 1, kwa hiyo usimalize sarafu zako.

Alhamisi 15 Mei: Berlin, mguu wa Tendaguru

Asubuhi nilipita lango la Brandenburg, la mwaka 1791. Nilipiga picha ya farasi 4 walio juu yake, kisha nikaamua nisiitume. Farasi 4 wakikokota gari juu ya lango wapo pia Brussels, London na Paris, na hawa wa Berlin wenyewe walibebwa na Napoleon mwaka 1806 hadi Paris wakarudishwa mwaka 1814. Mwenye kutaka kuwatambua amtazame anayewaendesha: hapa ni mwanamke mwenye mabawa, ameshika fimbo yenye msalaba ndani ya shada la majani na tai juu yake.

Mchana nikaenda makumbusho ya elimu viumbe, Museum für Naturkunde. Nilijua ninachokwenda kuona, na bado magoti yaliniishia nguvu. Katikati ya ukumbi amesimama mnyama wa mifupa mwenye kimo cha mita 13 na sentimita 27. Ni dinosaria, na wataalamu wanamwita Giraffatitan. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na mamia ya watu wa huko ndio waliochimba, wakaifunga, wakaibeba vichwani na mabegani siku kwa siku mpaka bandarini. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa hivyo.

Nilichuchumaa. Mfupa wa mguu wa mbele una rangi ya kahawia iliyokolea, kama mbao ya mninga iliyopakwa mafuta, na una nyufa nyembamba zilizojazwa kwa uangalifu. Ulinipita kimo. Watoto wa shule walikuwa wakikimbia kuuzunguka, na mwalimu wao akitamka "Tendaguru" kwa lafudhi yao, tena na tena, mpaka watoto wakaanza kuliimba.

Nikatuma mfupa peke yake, bila kichwa, bila ukumbi. Mpwa akaandika: gogo? Mwingine: nguzo ya kanisa? Kisha Mjomba: "BERLIN. HUYO NI WA KWETU. BABU YANGU ALIBEBA." Sikuwahi kujua. Usiku nikampigia, akanisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akisema mizigo ilikuwa mizito kuliko chumvi, na kwamba hawakuambiwa ni mifupa ya nini. "Nenda kesho tena, mjomba," akaniambia, "umsalimie kwa niaba yangu." Nilikwenda.

Ijumaa 16 Mei: Usambara iliyoko Berlin

Baada ya salamu nikapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, mpaka kituo cha Afrikanische Straße. Mtaa huu wa Wedding ulianza kupewa majina ya Afrika mwaka 1899, enzi za makoloni. Unatembea na vibao vinakuita kama kondakta: Togo, Kamerun, Kongo, Zanzibar kwa tahajia yao. Nikafika Usambarastraße. Kibao cheupe, herufi nyeusi, baiskeli imefungwa kwenye nguzo yake. Mimi ambaye asubuhi nikifungua studio naiona milima ya Usambara hewa ikiwa safi!

Palikuwa na barabara iliyohusishwa na Carl Peters, ambaye wazee wetu walimpa jina Mkono wa Damu. Miaka mingi wakazi na vyama vya watu weusi wa Berlin waliidai ibadilishwe, na mwezi Agosti 2024 ikabadilishwa: kipande kimoja ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya shujaa wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao hicho muda mrefu. Kijana aliyekuwa akitembeza mbwa akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia la, nasoma jina. Akaniuliza maana yake, nikamweleza vita vya mwaka 1905 hadi 1907 na maji ya dawa yaliyosemekana kugeuza risasi. Alisikiliza mpaka mwisho, mbwa akalala.

Picha ya jioni ilikuwa kibao cha Usambara. Shangazi akawahi: "Hapo ni Amani, kwa Wajerumani." Alikuwa na hoja, maana Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani, huko huko Usambara, mwaka 1902, na vibao vya Kijerumani huko yeye hakuvikuta lakini mama yake aliviona. Wengine wakasema Lushoto ya zamani. Binamu wa Muscat peke yake aliona baiskeli ya kisasa, akasema Berlin. Pointi 2 kwake. Mimi ningempa Shangazi nusu, lakini grupu likakataa.

Jumamosi 17 na Jumapili 18 Mei: Prague

Treni ya Berlin–Prague niliikata mapema kwa euro 38. Kaa upande wa kushoto. Ukitoka Dresden, mto Elbe unakwenda nawe bega kwa bega, na majabali yanasimama ng'ambo kama kuta za ngome.

Nilipofika nilikuwa na njaa na haraka, nikabadilisha euro 50 kwenye kibanda cha kwanza. Nikapewa koruna 950. Binti aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliona risiti, akashtuka. Kwa kiwango cha siku ile nilistahili zaidi ya 1,200. Akaniambia sheria ya Czech inakuruhusu kurudisha pesa ndani ya saa 3 ukiwa na risiti, kwa kiasi kisichozidi euro 1,000. Akarudi nami dirishani, akasema nao kwa lugha yao, sauti haikupanda hata kidogo, na euro zangu zikarudi. Jina lake sikuliuliza na hadi leo linaniuma. Mpitaji wa Prague: usitupe risiti.

Jumapili nikapanda kilima cha Petřín kwa miguu, kwa kuwa treni ya kamba ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Juu kuna mnara wa chuma wa mwaka 1891, uliojengwa miaka 2 baada ya ule wa Eiffel na kwa kuuiga. Una ngazi 299. Nikautuma. Mnajua majibu: Paris, Paris, Paris, na Mjomba "PARIS BILA SHAKA." Mpwa ndiye aliyetulia. Akaandika kwamba wa Paris umetanua miguu 4 na watu hupita katikati, lakini huu unasimama kama nguzo ya pembe 8, tena miti imeuzunguka. Hakujua mji, lakini alijua si Paris. Dakika 10 baadaye akarudi: Prague. Nilifurahi kuliko yeye.

Nikawaonyesha na dalili nyingine za chini. Njia za miguu za Prague zimetandazwa vijiwe vidogo vya mraba, vyeupe, vya kijivu na vya waridi, vimepangwa kama mkeka wa ukili. Na kila nyumba ina namba 2, kibao chekundu na cha buluu. Ukiona vibao hivyo viwili mlangoni, yaelekea uko Czech.

Nilikula jibini iliyokaangwa na viazi kwa koruna 189. Kwa asiyekula nguruwe, hicho chakula ni rafiki.

Jumatatu 19 na Jumanne 20 Mei: Vienna

Saa 4 za treni, mashamba matupu. Vienna ni safi na ina bei. Tiketi ya mjini ya saa 24 ilikuwa euro 8 mwaka 2025, nayo igonge kwenye mashine kabla ya kupanda.

Kahawa huletwa juu ya sinia dogo la bati, na glasi ya maji pembeni, kijiko kimelazwa juu ya mdomo wa glasi. Hiyo ndiyo picha niliyotuma. Shangazi akaandika: "Watu wenye adabu hao. Kahawa na maji yake." Kwetu kahawa chungu haiji bila maji, na yeye hakuona ugeni wowote. Mji aliupata binamu wa Dar aliyewahi kufanya kazi hotelini.

Jumatano 21 Mei: Budapest, paa lililowachanganya

Kanisa la Mtakatifu Stefano la Vienna lina paa la vigae vya rangi, na nilikuwa nimewaonyesha. Budapest, juu mlimani, kanisa la Matthias nalo lina paa la vigae vya rangi. Nikatuma hilo. Wote wakasema Vienna, tena eti nimerudia picha. Nikawawekea picha 2 sambamba: la Vienna ni refu, limesimama wima, mistari yake inakwenda mshazari kama meno ya msumeno, la Budapest ni dogo, limejaa almasi za kijani, njano na hudhurungi, kama kanga iliyochanganywa rangi na mtu asiyeogopa.

Jioni nilitembea kando ya mto Danube hadi bungeni. Jengo hilo lina urefu wa mita 268 na kuba la mita 96. Ukikata kuba ukabakiza vile vichongo tu, hata mimi ningesema London.

Alhamisi 22 Mei: Viatu

Mita 300 hivi kusini ya bunge, ukingoni mwa mto, kuna viatu vya chuma. Jozi 60. Vya kike vyenye kisigino, vya kazi, vilivyokanyagwa nyuma kama mtu aliyevivaa kwa haraka, na vya mtoto. Vimeelekezwa majini. Viliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi hapa na wanamgambo wa Arrow Cross, chama cha kifashisti cha Hungary, kati ya mwaka 1944 na 1945. Waliamriwa kuvua viatu kwanza, kwa kuwa viatu vilikuwa na thamani, kisha wakaangukia mtoni.

Ndani ya kiatu kimoja cha mtoto palikuwa na kijiwe, pipi katika karatasi yake, na mshumaa uliozimika. Chuma kimeshika kutu hadi kimekuwa na rangi ya ngozi halisi. Nilipiga picha 1 tu, nimepiga magoti.

Niliituma nikiwa na wasiwasi kama inafaa kwa mchezo. Mpwa akaandika: mlango wa msikiti? Binamu: soko la mitumba? Mjomba alikaa kimya. Kisha Shangazi akaandika, na kwa kawaida yeye hutuma sauti, safari hii aliandika: "Mji siujui mwanangu. Ila hapo kuna msiba."

Nikawaeleza. Hakuna aliyeuliza pointi. Shangazi akatuma sauti ya dua, nikaisikiliza palepale ukingoni huku tramu ya njano namba 2 ikipita nyuma yangu.

Ijumaa 23 Mei na baadaye

Ndege ya kurudi iliondokea Budapest. Ukiondoa tiketi ya ndege na siku nilizolala kwa dada, nilitumia euro 684: malazi 271 kwenye vyumba vya kulala wengi, usafiri 169 na hiyo Deutschlandticket ndani yake, chakula 176, viingilio na mengineyo 68.

Mshindi ni binamu wa Muscat, pointi 2. Amechagua kona ya jiwe la Ohlsdorf, na itakwenda Oman na mtu anayesafiri mwezi ujao. Lakini Mjomba naye ameagiza mfupa, kwa pesa yake, ukubwa wa mlango, na amesema atakuja kuuchukua mwenyewe kutoka Lindi, asiuamini kwa basi. Nimeshaukata mninga wa fremu yake.